Nukta moja inaweza kukuangusha: Jua kubadilisha vipimo vya presha

UMEINGIA kituo cha petroli, mhudumu ameshika mpira wa upepo na swali lake ni moja tu: "Niweke ngapi?"

Wengi hujibu "weka thelathini" kwa sababu ndiyo namba waliyowahi kusikia mtu mwingine akitaja. Lakini fungua mlango wa dereva wa gari lililotoka Japani na utakuta stika imeandikwa 220. Geji ya mashine inaonyesha 2.2. Ubavuni mwa tairi lenyewe kuna 300. Na ile pampu ndogo uliyoagiza mtandaoni inakutaka uchague kati ya psi, bar, kPa na kg/cm² kabla hata haijaanza kunguruma.

Usipaniki. Zile 220 na 2.2 ni kitu kimoja kilichosemwa kwa lugha mbili. Ile 300 ndiyo tofauti, na tutaifikia. Jambo la kwanza la kushika ni hili: namba ya presha isiyo na kipimo chake haijakuambia lolote. Ni kama mtu akutumie ujumbe "nitumie mia mbili" bila kusema ni shilingi au dola.

Habari njema ni kwamba vipimo vya metriki vya presha vimepangwa kwa makumi na mamia. Ukijua ngazi zake, kazi kubwa ni kusogeza nukta tu. Huhitaji kikokotoo wala bando.

Presha ni nini hasa?

Presha, au shinikizo kama mwalimu wa sayansi anavyopenda kuiita, ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo inapokanyaga. Ndiyo maana mtu akikukanyaga kwa kisigino chembamba ndani ya matatu unalia, lakini mwenye raba akikukanyaga unamsamehe. Uzito ni uleule, ila kisigino kimeukusanya wote mahali padogo.

Kipimo rasmi ni paskali, yaani nguvu ya nyutoni moja juu ya mita mraba moja. Jina hilo lilikubaliwa kimataifa mwaka 1971, kwa heshima ya Mfaransa Blaise Pascal aliyeishi kati ya 1623 na 1662.

Shida ya paskali ni kwamba ni ndogo mno. Chukua karatasi moja ya kawaida ya printa, ile ya gramu 80 kwa mita mraba, uilaze mezani. Presha yake juu ya meza ni takriban paskali 0.8. Yaani karatasi moja haifikishi hata paskali moja! Hewa inayotuzunguka, kwa upande mwingine, inatukandamiza kwa takriban paskali 100,000 tukiwa ufuoni Mombasa. Kwa hivyo watu wakaamua kutumia vipimo vikubwa zaidi ili wasichoke kuandika sufuri.

Ngazi tano za kukariri

Hizi hapa. Piga screenshot ukitaka:

- Hektopaskali 1 (hPa) = paskali 100. Ni sawa kabisa na milibaa 1.
- Kilopaskali 1 (kPa) = paskali 1,000.
- Baa 1 (bar) = paskali 100,000, yaani kilopaskali 100. Hii si baa ya kunywa.
- Megapaskali 1 (MPa) = paskali 1,000,000, yaani baa 10.
- Kilogramu 1 kwa sentimita mraba (kg/cm²) = kilopaskali 98 hivi, karibu sawa na baa 1.

Sasa cheza nazo. Kutoka kPa kwenda baa, sogeza nukta mara mbili kushoto: 220 inakuwa 2.2. Kutoka baa kwenda kPa, isogeze mara mbili kulia: 1.75 inakuwa 175. Kutoka MPa kwenda baa, sogeza mara moja kulia: 0.6 inakuwa 6. Kutoka hPa kwenda kPa, mara moja kushoto: 1013 inakuwa 101.3.

Ukisahau nukta inaelekea upande gani, jiulize: ninaenda kwenye kipimo kikubwa au kidogo? Kipimo kikikua, namba inapungua. Ni sawa na kubadilisha sarafu za shilingi kumi ziwe noti za mia. Unabaki na vipande vichache lakini pesa ni zilezile.

Kuna mgeni mmoja asiye wa familia hii: psi, pauni kwa inchi mraba. Si kipimo cha metriki, lakini kwenye vituo vyetu vya petroli ndiye anayesikika zaidi. Baa moja ni psi 14.5. Kwa haraka, chukua kPa ugawanye kwa 7. Kwa hivyo 220 inakupa 31 na kitu. Jibu kamili ni karibu 32. Hesabu hiyo inatosha kujua kama mhudumu na stika wanasema jambo moja.

Boda na nukta iliyopotea

Hapa ndipo mambo yanakuwa serious. Tuseme pikipiki ina stika inayosema tairi la mbele lijazwe 175 kPa, ambayo mara nyingi huandikwa pia kama 1.75 kg/cm² au psi 25. Mwenye nduthi anakumbuka "ishirini na tano" tu. Anafika kwenye mashine ya dijitali iliyowekwa kwa baa. Haiwezi kufika 25, kwa hivyo anaona jibu lazima liwe 2.5. Anajaza, analipa, anaondoka.

Baa 2.5 ni kPa 250. Tairi lilihitaji 175. Amezidisha kwa karibu nusu ya kilichotakiwa, na hajui.

Je, kuna ubaya gani? Rudi kwenye maana ya presha. Tairi linabeba mzigo kwa eneo dogo linalogusa lami. Tuseme la nyuma linabeba kilo 150, yaani nyutoni 1,500 hivi. Likiwa na kPa 200, eneo linalogusa barabara ni takriban nyutoni 1,500 kugawanya kwa paskali 200,000. Jibu ni mita mraba 0.0075, au sentimita mraba 75. Uso wa simu yako una zaidi ya sentimita mraba 100. Maisha ya dereva na abiria wake yameshikiliwa na kipande cha raba kidogo kuliko simu!

Sasa pandisha presha hadi kPa 300 na eneo hilo linashuka hadi sentimita mraba 50. Hili ni kadirio, kwa sababu raba yenyewe pia ina ugumu wake, lakini mwelekeo ni huo. Eneo likipungua, breki zinashika vibaya, na mvua ikinyesha tairi linateleza mapema. Tena tairi gumu kupita kiasi halimezi shimo, linapigwa nalo.

Upande wa pili si salama pia. Tairi lenye upepo kidogo linajikunja kila likizunguka, linapata joto, linakula mafuta, na mbavu zake zinachoka. Likibebeshwa abiria na gunia la viazi kwa mwendo wa kasi, linaweza kupasuka.

Na ile 300 ubavuni mwa tairi? Hiyo ni presha ya juu kabisa ambayo tairi limejengwa kuhimili, si ile unayopaswa kuweka. Ya kuweka iko kwenye stika ya mlango, kwenye kifuniko cha mnyororo wa pikipiki au kwenye kitabu cha mwenye gari. Na uipime tairi likiwa baridi, kabla ya safari ndefu, kwa sababu joto hupandisha presha na kukudanganya.

Ghorofa ya saba na bafu linalotoa machozi

Umepata keja safi ghorofa ya juu, mandhari poa, halafu maji bafuni yanadondoka kama machozi. Kabla hujamlaumu keateka, piga hesabu.

Maji yaliyotulia huongeza presha ya takriban kPa 10 kwa kila mita moja ya kimo. Kumi kwa moja, rahisi hivyo. Kama maji ya tangi la paani yako mita 2 juu ya bafu lako, una kPa 20, yaani baa 0.2. Jirani wa chini kabisa, ghorofa sita chini yako, yuko mita 18 zaidi, tukichukua mita 3 kwa kila ghorofa. Yeye ana mita 20, yaani kPa 200 au baa 2. Tangi ni lilelile, kodi pengine wewe ndiye unayelipa zaidi, lakini presha yake ni mara kumi ya yako.

Sasa soma kikaratasi cha hita ya bafu kabla ya kununua. Kikisema presha ya chini kabisa ni kPa 10, wewe uko sawa, ingawa si kwa mbali. Kikisema 0.02 MPa, usidhani ni kidogo kwa sababu ya sufuri zile. Sogeza nukta mara tatu kulia: ni kPa 20, na wewe uko mpakani kabisa. Kikisema baa 0.5, hiyo ni kPa 50. Hita hiyo haitawaka vizuri kwako bila pampu.

Na pampu nazo huuzwa kwa mita. Bamba likisema kimo cha juu ni mita 10, elewa kwamba kikomo chake ni kPa 100 hivi, yaani baa 1, na kadiri maji yanavyotoka kwa wingi ndivyo presha hiyo inavyoshuka. Kwa njia hiyo unaweza kulinganisha pampu tatu kwenye duka, moja imeandikwa mita, nyingine baa na nyingine MPa, bila kumtegemea muuzaji anayetaka tu uondoke na ya bei ghali.

Presha ya nyanya

Kosa la tairi linaweza kukuangusha. Kosa la hapa linaweza kumfanya shosho akae nyumbani siku ambayo alipaswa kuwa hospitalini.

Presha ya damu hupimwa kwa milimita za zebaki, zinazoandikwa mmHg. Milimita 1 ya zebaki ni paskali 133 hivi. Hospitalini utasikia "120 juu ya 80". Lakini mashine nyingi za dijitali za kupimia nyumbani zinaweza kubadilishwa zionyeshe kPa. Mtoto akichezea vitufe, kesho yake nyanya anapima na kuona 16 juu ya 10.7. Anashtuka, anadhani anakufa. Kumbe ni 120 juu ya 80 ileile.

Kanuni: kPa zidisha kwa 7.5 upate mmHg. Ukitaka kurudi, gawanya kwa 7.5. Mara 16 kwa 7.5 ni 120. Mara 12 kwa 7.5 ni 90.

Lakini kuna mtego mwingine. Nchini Ufaransa na kwingine wanakofuata desturi ya Kifaransa, watu husema presha kwa sentimita za zebaki: "12 juu ya 8" badala ya 120 juu ya 80. Sasa fikiria umepokea ujumbe kwenye WhatsApp ya familia: "Nyanya amepimwa, ni 18 juu ya 12." Ni kipimo gani?

Kama ni kPa, hiyo ni 135 juu ya 90. Shirika la Afya Duniani huhesabu mtu kuwa na shinikizo la juu la damu iwapo namba ya juu ni 140 au zaidi, au ya chini ni 90 au zaidi, ikipimwa siku mbili tofauti. Kwa hivyo nyanya anahitaji kupimwa tena na kuongea na daktari wiki hii. Kama ni sentimita za zebaki, hiyo ni 180 juu ya 120. Hapo hamna kungoja wiki. Anapelekwa hospitalini sasa hivi.

Ni namba zilezile, 18 na 12. Tofauti iko kwenye herufi ndogo kando ya namba, zile ambazo watu hukata wakipiga picha skrini ya mashine. Ukiwa ndiye kijana wa simu nyumbani kwenu, kazi yako ni kuuliza: "Kando ya namba kumeandikwa nini?"

Kwa nini simu inasema 830?

Simu kadhaa za kisasa zina kihisi cha presha ya hewa. Ukifungua programu yake ukiwa Nairobi, utaona namba karibu na hPa 830. Halafu programu ya hali ya hewa inakuambia ni 1015. Nani mwongo?

Hakuna. Kihisi kinasema presha iliyopo pale uliposimama, mita 1,700 hivi juu ya bahari. Watabiri wa hali ya hewa huigeuza iwe kama uko usawa wa bahari ili miji yote ilinganishwe kwa haki. Bila hesabu hiyo, Nairobi ingeonekana kuwa na kimbunga kila siku! Kimbunga Tip cha mwaka 1979 katika Bahari ya Pasifiki, chenye presha ya chini zaidi kuwahi kupimwa usawa wa bahari, kilikuwa na hPa 870.

Kwamba hewa hupungua presha ukipanda ni jambo lililothibitishwa mwaka 1648. Pascal alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima Puy de Dôme nchini Ufaransa na mrija wa zebaki. Zebaki ilishuka kadiri alivyopanda. Leo huhitaji zebaki: nunua pakiti ya krispi iliyofungwa pwani na uipandishe Nairobi. Itafura kama puto, kwa sababu ndani bado kuna presha ya Mombasa, karibu kPa 101, na nje kuna 83 tu. Ndiyo sababu pia maji Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100, na maharagwe yanachelewa kuiva.

Hapa kuna siri moja ya geji. Geji ya tairi haihesabu hewa iliyopo nje; inaanza sufuri kutoka hapo. Tairi lililotoboka likisoma 0, ndani yake bado kuna hewa ya kPa 83, sawa na ya nje. Kwa hivyo tairi la 220 Mombasa litasoma karibu 238 Nairobi hata kama hakuna aliyeliongeza upepo, joto likiwa sawa. Usiogope, lipime ukifika tu.

Wewe wa mtihani, usikimbie

Kama bado uko shule ya upili, swali la zebaki linakungoja. Kimo cha milimita 760, uzani wa kilo 13,600 kwa mita ujazo, na mvuto wa 10. Zidisha 0.76 kwa 13,600 kwa 10 na unapata paskali 103,360, yaani kPa 103 au baa 1.03. Inaeleweka, ni hewa ya kawaida.

Ukisahau kugeuza sentimita 76 ziwe mita, utapata paskali 10,336,000. Hiyo ni MPa 10.3, presha ya kilomita moja chini ya bahari. Kabla hujafunga karatasi, jiulize kama mtu anaweza kupumua huko.

Mtego wa pili ni eneo. Mita mraba moja ina sentimita mraba 10,000, si 100. Nyutoni moja kwa sentimita mraba ni paskali 10,000. Wengi hupotezea alama hapo hapo.

Wiki hii fanya haya matatu

Kwanza, piga picha stika ya tairi la gari la nyumbani au ya pikipiki unayoiendesha, uandike namba yake kwa kPa, baa na psi. Iweke mahali rahisi kwenye simu. Pili, angalia mashine ya presha ya nyanya au mzazi wako, uhakikishe imewekwa mmHg, na uandike kipimo hicho kwa kalamu juu ya daftari analorekodi. Tatu, mwambie rafiki yako mwenye boda kuhusu 25 na 2.5.

Halafu siku mhudumu atakapokuuliza "niweke ngapi?", usimtajie namba kabla hujamuuliza: "Geji yako inasoma nini, baa au psi?"